Deni Tulilodhani Limesamehewa

Baba yangu, Mzee Ramadhani, mpishi wa kambi na mwenye masufuria,

Amani ya Mungu ikufikie hapo Bombo ulipolala. Huku Kampala sote wazima, isipokuwa goti la Mama ambalo unalijua, na hema la kijani ambalo habari zake nitakupa, ila usinune kwanza. Mimi bado yule yule. Ulizoea kuniambia, "Zainabu, swali lako halijafa lishazaa jingine." Basi mwaka huu nimekaa na maswali mpaka nikaona yatanitoboa tumbo, na mwenye majibu ni wewe, nawe ulishaondoka mwaka juzi. Nimeona nikuandikie. Tena naandika waziwazi, wasome na wengine, maana kosa tulilolifanya siku ya maziko yako, familia yoyote ya kwetu inaweza kulifanya wiki ijayo na isijijue.

Yalianza hivi. Kiwanda kimoja pale Nakawa kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi chakula cha mchana, watu mia mbili, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikaomba, nikapata. Sharti lao moja: jikoni kwetu pawe na majiko mawili makubwa ya gesi kabla mwezi haujaisha, moshi wa kuni hawautaki. Majiko yale si ya kununua kwa mkupuo. Nikaenda kwa mama mmoja anayeyauza kwa malipo ya polepole, bila riba, kianzio changu nimekifunga kwenye kitambaa kama unavyonijua. Akachukua kitambulisho changu, akaingiza namba kwenye kompyuta, kisha akanitazama kama mtu aliyeona unywele kwenye mchuzi.

"Hajati," akasema taratibu, "jina lako lina doa. Kuna mkopo haujalipwa. Mimi siwezi kukupa majiko hivi. Nenda kalisafishe, nitakuwekea mpaka tarehe ishirini na tano."

Mimi, jina chafu. Mimi ambaye nikikopa vitunguu sokoni usingizi hauji mpaka nirudishe. Nilitoka pale masikio yanawaka. Lakini unajua lililonijia kabla ya aibu? Swali. Nilitaka kujua doa lenyewe linakaa wapi, nani aliliandika, na kwa kalamu gani.

Kumbe kuna ofisi, Baba, ambayo kazi yake yote ni kukumbuka nani alikopa, nani alilipa na nani alitoroka. Unakwenda na kitambulisho, unalipa kidogo, wanakuchapia ripoti yako ya mikopo. Nilicheka peke yangu kwenye foleni. Nilisema, wakubwa hawa wamemwiga Mzee Ramadhani na mlango wake wa stoo.

Unaukumbuka mlango wako? Mimi nilijifunzia kusoma pale. Ulipostaafu jeshini ukaanza kukodisha masufuria kwa harusi na matanga, wadeni wako wote uliwaandika kwa chaki nyuma ya mlango ule wa mbao, jina, sufuria ngapi, pesa ngapi. Mtu akija kulipa, hukufuta. Ulipiga mstari juu ya jina lake, mrefu, ulionyooka, huku umetoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo. Nilikuwa na miaka kama saba nilipokuuliza kwa nini usifute kwa kitambaa, mlango umejaa, majina mapya utayaweka wapi. Ukanijibu, "Nikifuta, nani atajua kwamba mtu huyu alilipa?" Mimi nikauliza swali la pili na la tatu, ukanifukuza nikaoshe mchele.

Basi nikapewa ripoti yangu. Karatasi mbili. Doa lilikuwa lako.

Ni ule mkopo wa mahema. Siku ile ulinichukua asubuhi, umevaa kanzu iliyopigwa pasi, tukaenda ofisi ya ile kampuni ndogo ya mikopo. Ulikuwa umenuna siku mbili nzima, kwa sababu ya riba. Baba Mdogo Juma alishakusomea dini mpaka ukamwambia aje yeye na hela za mahema kama anaweza. Hakuwa nazo. Ulitaka mahema mawili na viti mia, ili watu wakikodisha masufuria wasiende kwa mwingine kutafuta kivuli. Nami nilikuwa mdhamini wako. Afisa wa mikopo alikuwa Bwana Kato, yule Muganda mnene mwenye kofia ya kahawia, aliyekuja kuwa rafiki yako kwa ajili ya pilau. Nilimuuliza maswali mpaka akaweka kalamu chini. Nikiugua? Mzee akiugua? Hema likichomeka? Akakwambia, "Mzee, huyu mtoto yako angekuwa polisi." Wewe ukacheka, lakini kabla sijatia sahihi ulinishika mkono ukaniambia, "Angalia vizuri. Hapa huweki wino tu, unaweka jina."

Niliweka jina. Na sasa jina hilo limeandikwa kwenye ripoti kuwa mdhamini wa mkopo uliotelekezwa. Nitakwambia kweli, kwa sababu wewe na mimi hatukufichana: nilikukasirikia. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile nikakusema moyoni maneno ambayo binti hamsemi baba yake, tena baba aliye kaburini. Nilisema, Mzee umenipaka masizi halafu umeondoka. Nisamehe. Nilisema.

Lakini nikaendelea kusoma, kwa sababu siwezi kuacha karatasi nusu. Chini ya doa kulikuwa na safu ya miezi, kila mwezi na neno lake. Kwa wakati, kwa wakati, kwa wakati. Halafu ukaanza mwezi uliofuata kifo chako, na pale ndipo palipoandikwa haijalipwa, haijalipwa, mpaka mwisho. Nikarudi nyuma. Nikahesabu kwa kidole. Miezi mitatu ya mwisho ya uhai wako, ulipokuwa wodini huinuki kitandani, safu inasema ulilipa kwa wakati.

Sasa ulilipaje? Mkoba wako nilikuwa nao mimi. Simu yako nilikuwa nayo mimi. Pesa ya kodi ya mahema nilikuwa naipokea mimi na ilikuwa inaishia kwenye dawa. Sikulipa hata senti kwenye mkopo, kwa sababu uliniambia, "Ule umekwisha kupangwa, usiuwaze." Nikauacha. Swali hilo, Baba, likawa kubwa kuliko doa lenyewe.

Tuseme sasa habari ya maziko, kwa ajili ya wasiokuwepo. Ulikuwa umelazwa mbele ya watu, bado hujaswaliwa, Baba Mdogo Juma akasimama kama desturi yetu ilivyo akasema, "Kama kuna mtu anamdai marehemu, ajitokeze kwa familia. Na kama aliwakosea, msameheni." Watu wakaitikia wamesamehe. Mara Bwana Kato akatoka nyuma, kofia mkononi, Mkristo katikati ya makanzu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi nilikuwa namdai mzee. Nimesamehe." Watu walimwombea dua. Mama alilia upya. Baba Mdogo alimkumbatia, naye Baba Mdogo unamjua hakumbatii mtu.

Hapo ndipo kosa letu. Kwetu sisi mwenye deni ni yule anayekuja kulidai. Kato ndiye aliyekuwa anakuja, kwa hiyo Kato ndiye aliyekuwa mkopo. Akisema amesamehe, mkopo umesamehewa. Na deni lenyewe lilikuwa la riba, hakuna aliyetaka litajwe mara mbili mbele ya maiti. Hata mimi, ambaye nauliza mpaka bei ya sanda, siku ile moja sikuuliza. Ni deni lipi? Kiasi gani? Maneno matano tu. Nikaizima simu yako, nikaitia sandukuni, na wote waliokuwa wanapiga kudai walikuwa wanapigia sanduku.

Kampuni ile baadaye iliwapa deni letu wakusanya madeni. Namba yao ilikuwa kwenye ripoti. Nikapiga mimi mwenyewe.

Aliyepokea alikuwa mwanamke, sauti laini kama mtu anayeuza manukato. Aliitwa Prossy. Nilipotaja jina langu akasema, "Mama, sisi tulikutafuta sana. Unapiga simu wewe?" Nikamwambia ndiyo, na nina maswali. Akaniambia niende ofisini kwao, Nakasero, ghorofa ya pili juu ya wauza nafaka.

Ningependa ungekuwepo, ungefurahia. Chini kunanukia njugu na samaki wakavu, juu kuna meza sita na watu sita wanaongea kwenye simu kwa pamoja, kila mmoja anatisha mtu wake. Prossy alikuwa amezaliwa kambi ya polisi, ndiyo maana Kiswahili kinamtoka bila kujikwaa. Nikamwuliza ni kambi gani, alikulia nyumba za mabati au za matofali, akajibu kabla hajakumbuka kwamba mimi ni mdaiwa. Kisha akajikaza. Akasema deni ni milioni mbili na laki tatu. Lilipe, jina litasafishwa.

"Baba alibakiza miezi sita," nikamwambia. "Kila mwezi laki moja na nusu. Hiyo ni laki tisa. Hizi nyingine zimezaliwa na nani?"

"Ni faini, mama. Na gharama za kukutafuta."

"Mlinitafuta wapi?"

Akatazama kompyuta. "Tulipiga simu."

"Simu ya marehemu."

Akaangalia tena: namba ilikuwa hiyo moja tu. Nikamwomba anionyeshe karatasi inayosema kampuni imewapa kazi ya kudai deni hili. Alikwenda kuitafuta, akakaa sana, akarudi nayo. Nikaisoma yote, mbele na nyuma. Akaniambia, "Mama, kazi hii nimeifanya muda mrefu. Watu wananitukana, wananikatia simu, mmoja alinirushia kiatu. Hakuna aliyewahi kuniomba karatasi." Nikamjibu kuuliza si ujinga. Akacheka kwa pua.

Nikamweleza na habari ya maziko, kwamba afisa wa kampuni alisamehe deni mbele ya halaiki. Niliisema nikijua haitasaidia, lakini nilitaka kuona uso wake. Aliandika jina la Kato kwenye karatasi, akatikisa kichwa. "Hajati, mfanyakazi hawezi kusamehe pesa ya kampuni. Hata mkurugenzi haisamehi peke yake. Huyo Kato alisamehe nini?"

Baba, yule mwanamke aliuliza swali langu. Nikainuka.

Kato nilimpata Kabalagala. Kazi ya mikopo aliiacha kitambo, sasa ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, kimebanwa katikati ya baa mbili, na mchana kunakuwa kimya kwa sababu wateja wa pale wanaamka jioni. Kofia ni ile ile. Aliponiona alinijua mara moja, akanitolea kigoda.

"Mtoto ya mzee," akasema. "Umekuja kuuliza."

Nikamwekea ripoti mapajani, nikamwonyesha ile miezi mitatu. Nikamwuliza nani alilipa. Aliitazama sana. Alivua kofia akaiweka juu ya karatasi, kama anaifunika.

"Mimi," akasema. "Mzee alinikopa mimi. Pesa yangu ya mfukoni, si ya kampuni. Laki moja na nusu mara tatu. Nikamlipia kila mwezi. Hiyo ndiyo nilisamehe pale Bombo. Ile ya kampuni nilijua nyinyi mnaijua, wewe si uliweka sahihi?"

Nikamwuliza kwa nini. Baba alikuwa anakufa, alijua anakufa, mkopo ulikuwa wa nini tena kwake?

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia mzee, pumzika, kampuni itangoja. Akakataa. Akasema jina ya binti yangu iko kwa karatasi ile. Nikichelewa mimi, inachafuka yeye. Mimi naenda, yeye anabaki nayo." Kato akafuta uso kwa kiganja. "Na alikataza nikuambie. Alisema ukijua utauza hema, na hema ndiyo chakula yako."

Nilikaa pale kwenye kigoda, watu wanakuja kutuma pesa, Kato anawahudumia kwa kunipita kichwani, na mimi nalia kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa nimekutukana, Baba. Kwenye ngazi zile. Wewe ulikuwa umejitwisha deni la pili ili la kwanza lisinidondokee, nami nilikutukana.

Na hapo ndipo nilipokumbuka maji ya moto.

Kato alikuwa anakuja wodini kila mwisho wa mwezi, na kichane cha ndizi mbivu. Kila akiingia, kabla hajakaa, wewe ulikuwa unaniambia, "Zainabu, nenda kaniletee maji ya moto." Jiko la hospitali lilikuwa mbali, kushuka ngazi na kuvuka ua. Mara ya pili nilikuuliza, "Baba, chupa imejaa, nimeijaza sasa hivi." Ukaniambia, "Hayo yamelala. Nataka yaliyochemka leo." Nikanung'unika, nikaenda. Nilidhani ugonjwa umekuharibu ulimi, wewe uliyekuwa unakunywa chai ya jana bila kulalamika. Kumbe ulikuwa unanitoa nje ili ukope. Mwanamume mwenye mifupa tu shukani, bado anapanga mambo yake kama anagawa zamu jikoni kambini. Nimelicheka jambo hili na nimelililia, sijui lipi limezidi.

Nikamwambia Kato nitamrudishia laki nne na nusu. Akakasirika kabisa. "Nilisema mbele ya watu na mbele ya mzee. Unataka nirudi Bombo kumwambia nimebadili?" Kuna maswali hata mimi nayaacha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika tarehe ishirini na tano. Kianzio cha majiko nilikuwa nacho, milioni moja na ushei, lakini nikimpa Prossy sina majiko, na nisipompa pia sina majiko. Hapo ndipo hema la kijani linapoingia. Nimeliuza, Baba. Pamoja na viti hamsini, kwa mtu wa Nakawa mwenye ukumbi wa harusi. Najua ulikopa ili nisiuze. Najua. Lakini limebaki jeupe, na mimi ningali na mikono miwili, na kazi ya watu mia mbili haingoji. Nilipolikunja mara ya mwisho nililinusa. Lilinuka moshi wa pilau yako, mwenye kulinunua atalifua atashangaa.

Nikarudi Nakasero na laki tisa kwenye kitambaa, nyingine nimezificha kwenye kiatu, kama ulivyonifundisha kwenda sokoni. Nikamwambia Prossy, laki tisa, leo, mara moja. Akasema milioni na laki nane. Nikamwambia, "Madamu, mimi si mkopaji, ni mdhamini. Mkopaji yuko Bombo. Mimi nimekuja kwa miguu yangu, na hizo faini mlizihesabu mkipigia sanduku. Mpigie bosi wako umwulize kama anataka laki tisa mezani au milioni mbili kwenye kompyuta."

Akapiga. Akatoka nje, akarudi. Milioni moja na laki tatu. Nikanyamaza. Ulinifundisha wewe kwamba mwuza mchele ukimnyamazia anajishusha mwenyewe. Akahema. "Milioni moja na elfu hamsini, mama, na hapo usinifukuzishe kazi."

"Sawa," nikasema. "Niandikie barua."

"Lipa kwanza, barua itakuja."

Haya ndiyo ninayotaka wengine wayasome vizuri. Nilimkatalia. Nilimwambia sitoi hata mia mpaka nione barua yenye muhuri, inayosema nikilipa kiasi hiki deni limekwisha lote, hakuna salio la kudaiwa tena na mtu mwingine, na kampuni itapeleka taarifa ile ofisi ya kumbukumbu ndani ya siku chache. Kato ndiye aliyenieleza hivyo, alipotulia. Alisema ameona watu wanalipa kwa neno la mdomo, mwaka unapita, mtu mwingine anawapigia kwa deni lile lile. Sisi tulishaamini neno la mdomo mara moja, mbele ya maiti, na lilikuwa neno la kweli, na bado likatuponza. Prossy alikwenda kuiandika. Nilikaa saa mbili nasikiliza watu wakitishwa kwenye simu.

Aliporudi na barua, akavuta kiti karibu. Akapunguza sauti. "Hajati, nimekupenda. Ukiongeza laki mbili, kuna mtu wetu anaweza kuufuta mkopo wote kwenye ripoti yako. Wote. Itakuwa kama baba yako hakuwahi kukopa. Ukiacha hivi, itaandikwa tu kwamba mkopo ulichelewa, ukalipwa."

Nilimwuliza kama hilo linaruhusiwa. Akatazama dirishani. Nikajua haliruhusiwi, na kwamba laki mbili zile zingeingia mahali nisipopajua. Lakini nitakwambia siri yangu. Si hilo lililonizuia kwanza. Nilikuwa nazo kwenye kiatu, na jina jeupe kabisa ni kitu kitamu, nililitaka. Nikafungua ile ripoti, ilishachakaa kwa kukunjwa, nikaitazama ile miezi mitatu. Kwa wakati. Kwa wakati. Kwa wakati. Ukifuta, nani atajua kwamba mtu huyu alilipa?

"Iache," nikamwambia Prossy. "Waandike imelipwa, basi."

Aliniangalia kama nina wazimu kidogo. Kisha akaniuliza, naye sasa ameambukizwa, "Kwa nini?" Nikamweleza habari ya mlango wako. Alipogonga muhuri kwenye risiti yangu aliugonga taratibu, akapuliza wino ukauke.

Mama wa majiko alikuwa amenipa mpaka tarehe ishirini na tano. Tarehe ishirini na nne nilichapisha ripoti mpya. Imeandikwa imelipwa. Alisoma, akaniuliza kuhusu ile miezi ya kuchelewa, nikamwonyesha barua, akaniambia nilete gari nichukue majiko. Yako jikoni sasa, yananguruma bila moshi, na mimi nakohoa kwa mazoea tu. Jumatatu tulianza na wali na maharage. Sufuria la kwanza kubaki tupu ni lile lako kubwa, lenye jeraha ubavuni.

Nimebaki na maswali, usidhani yameisha. Ulipokuwa unaniangalia nikitoka na ile chupa iliyojaa, ulikuwa unawaza nini? Ulijua kwamba siku moja nitasoma? Na kama ningekusikiliza mlangoni badala ya kwenda, ungenikemea au ungeniita nikae? Haya hayana ofisi ya kuyachapa.

Jana baada ya kuosha vyombo nilichukua chaki nikaenda nyuma ya mlango wa stoo. Chini kabisa, penye nafasi, nikaandika: Ramadhani, kwa Kato, laki nne na nusu. Nikapiga mstari, mrefu, na nadhani nilitoa ulimi. Kisha nikaenda kuchemsha maji, na chupa ilikuwa imejaa.

Lala salama, Baba.

Binti yako, na mdhamini wako,
Zainabu